Mali Kauli na Maduka Makubwa Yaliyofungwa



Mama mmoja wa hapa Nkende ameniletea swali ambalo naona linatuhusu wengi. Yeye na wenzake wa kikundi wanafuga kuku wa mayai. Mwenye duka moja kubwa, la kujichukulia mwenyewe kwenye rafu na kulipa mlangoni, amewaambia yuko tayari kupokea trei 20 kila juma. Bei yake ni nzuri kuliko ya sokoni. Ila malipo ni baada ya siku 60. Anauliza, je, wakubali, au waendelee kuhangaika na wateja wa trei moja moja?

Swali hili halijibiwi kwa ndiyo au hapana peke yake. Maduka makubwa yamekuja na kuondoka katika nchi zetu hizi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na yaliyokufa karibuni yalikufa yakiwa na mali ya watu wengine mkononi. Basi nivumilieni, tuanze mbali kidogo. Jibu la mayai litakuja.

Duka la mkoa na duka la kijiji

Wengi hudhani supamaketi ni jambo la juzi. Sivyo. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na mwaka uliofuata tu ikaundwa COSATA, chombo cha ushirika cha kusambaza bidhaa madukani, kikisaidiwa na wataalamu kutoka Israeli. Nia ilikuwa njema, kwamba mwananchi wa kawaida auziwe na duka lililo lake, kwa bei isiyomnyonya. Hata supamaketi kilifungua mjini Dar es Salaam. Lakini hakikudumu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, kilimezwa na Shirika la Biashara la Taifa, lile ambalo wazee walilijua kwa herufi tatu tu, STC. Nalo STC likawa zito mno kuendeshwa kutoka Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likavunjwa, na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara. Ndizo zile RTC, na sisi tulikuwa chini ya RTC Mara.

Mama zetu waliijua RTC kama tunavyoijua leo bei ya unga. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, vitenge, vyote vilipitia huko, na bei ilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na mahali pake liwepo duka la ushirika la kijiji. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Mzee Rashidi Kawawa, na maagizo yalitekelezwa kwa haraka. Ilikuwa haraka mno. Vijiji vingi havikuwa na mtu aliyewahi kushika daftari la stoo, wala fedha za kununulia bidhaa za kuanzia, wala gari la kuzileta. Haukupita muda mrefu serikali yenyewe ikalazimika kupunguza mwendo.

Kwa sisi wa Tarime pigo lilikuwa mara mbili. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena rasmi hadi Novemba 1983. Mtu wa Dodoma aliisoma habari hiyo gazetini, lakini mtu wa Sirari aliionja katika chai isiyo na sukari. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Uganda, mwaka 1978 hadi 1979, na magari na mafuta yakaenda huko. Waliokuwa akina mama wakati ule husimulia mambo ambayo binti zetu hucheka wakidhani ni utani. Jiwe au kikapu kilipangwa kwenye foleni badala ya mwenyewe, ili aende shamba kwanza. Mtu aliandikishwa kwa mjumbe wa nyumba kumi ili apate kilo moja. Tena aliweza kuambiwa kwamba akitaka sukari sharti achukue na kitu kingine asichokihitaji. Na waliojuana na mwuzaji walihudumiwa mlango wa nyuma.

Mpaka ulifungwa, lakini njia za miguu hazikufungika. Sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Kenya yalivuka usiku, mengi yakiwa vichwani mwa wanawake. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hata mwenye katoni chache za sabuni chini ya kitanda alikuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa nje bila kuulizwa alizipataje. Rafu zikaanza kujaa tena, safari hii za watu binafsi. RTC zikakosa kazi, na katika miaka ya 1990 zikawa miongoni mwa mashirika ya umma yaliyouzwa au kufilisiwa. Hisa walizochanga wanakijiji kuanzishia maduka yale, mahali pengi zilikwenda na maduka yenyewe.

Mimi siwacheki waliobuni maduka hayo. Kumtakia mama wa kijijini sukari kwa bei ya haki si kosa. Tatizo ni kwamba aliyesimama nyuma ya kaunta hakupata hasara yoyote rafu zilipokaa tupu. Duka lisilomuuma mtu yeyote likifa, litakufa tu.

Majina makubwa ya Kenya

Tukidhani kwamba ni maduka ya serikali tu yanayokufa, tutajidanganya. Tuvuke Isebania.

Uchumi lilianzishwa Desemba 1975, nalo kwa mtaji wa mashirika ya umma ya Kenya, na mwanzoni liliendeshwa na kampuni ya Standa ya Italia. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi Mkenya wa mjini alipotaja supamaketi alimaanisha Uchumi. Juni 2006 matawi yakafungwa kwa sababu ya madeni, serikali ikaingia kati, na mwezi uliofuata yakaanza kufunguliwa upya. Kisha, kama mgonjwa aliyepata nafuu kidogo akakimbilia jembe, likaanza tena kujitanua, Tanzania ikiwamo. Oktoba 2015 matawi yote ya Uganda na Tanzania yalifungwa kwa mkupuo. Baadaye hata yale ya Kenya yakapungua moja baada ya jingine.

Nakumatt ndilo lililowashangaza watu zaidi. Jina lenyewe ni kifupisho cha magodoro ya Nakuru, maana ndiko familia ya Shah ilikoanzia, ikiuza magodoro na nguo. Likakua hadi matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Liliingia Kigali mwaka 2008, likaingia Uganda, na mwaka 2011 likafungua tawi Moshi. Mwaka 2014 lilichukua maduka matatu ya Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa inaondoka Tanzania. Mtu alifika pale akakuta taa zinawaka hata usiku wa manane, sakafu inang'aa, jokofu zimejaa. Nani angedhani?

Lilipata mapigo ya kweli, hilo lisemwe. Januari 2009 tawi lake la katikati ya Nairobi liliungua na watu wengi wakapoteza maisha. Septemba 2013 magaidi walishambulia jengo la Westgate, ambamo lilikuwa na duka kubwa. Lakini hayo hayakuliua. Lililoliua ni kufungua matawi mapya kwa fedha zisizo zake. Mwaka 2017 rafu zilianza kuonekana tupu. Januari 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura lifilisiwe, na matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa kampuni ya Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Fanya hesabu, mama. Kwa kila shilingi mia iliyodaiwa, matawi yale yalileta pungufu ya shilingi moja na nusu.

Mengine nayapita haraka. Ukwala, lililokuwa na nguvu Kisumu, lilinunuliwa na Choppies ya Botswana, na Choppies nao hawakukaa Kenya wala Tanzania. Kufikia mwaka 2020 walikuwa wanafunga mizigo.

Duka kubwa linaishi kwa nini

Sote tunaijua mali kauli. Mwenye ndizi anamwachia mwenzake mkungu na kumwambia, "Uza, tutaonana jioni." Hakuna ubaya katika hilo. Biashara za Waswahili zilijengwa juu yake, na heshima ya mtu ilipimwa kwa namna anavyorudisha.

Supamaketi nayo ni mali kauli, isipokuwa jioni yake huwa ni siku 60, 90, wakati mwingine zaidi. Maziwa yanaletwa leo, yanauzwa kesho kwa fedha taslimu, na aliyeyaleta atalipwa baada ya miezi miwili. Katikati ya hapo duka limeshika fedha ambazo si zake na halilipi riba. Mwenye duka mwenye busara huziangalia fedha hizo kama mtoto wa jirani aliyelala kwake, maana kesho atarudishwa kwao. Asiye na busara huona sanduku limejaa akadhani ametajirika. Anafungua tawi la pili, kisha la tano, na kila tawi jipya linaletewa bidhaa nyingine za mali kauli, ambazo fedha zake zinalipa madeni ya tawi la kwanza. Mambo huenda vizuri maadamu matawi yanaongezeka. Siku yakisimama, waliopeleka bidhaa hawalipwi, wanaacha kupeleka, rafu zinabaki tupu, wateja wanahama, na fedha za kulipia zinazidi kupungua. Ukianza mzunguko huo, ni wachache wanaotoka.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Kampuni ikifilisiwa, wadai hawapangi foleni moja. Benki iliyochukua dhamana huangaliwa mapema, na madai ya wafanyakazi na ya kodi hupewa nafasi yake. Aliyepeleka mayai bila dhamana yoyote yuko nyuma kabisa. Kiwanda kikubwa kinaweza kuvumilia hasara hiyo. Kikundi cha akina mama hakiwezi.

Sasa mayai ya Nkende

Tuseme trei moja ni shilingi 9,000. Trei 20 kwa juma ni shilingi 180,000. Kabla ya siku 60 kutimia, kikundi kitakuwa kimepeleka mara tisa, yaani trei 180, na duka litakuwa limeshika shilingi 1,620,000 zenu. Wakati huohuo kuku hawali mali kauli. Pumba, mashudu, dagaa na chanjo hununuliwa kwa fedha taslimu kila juma.

Tena angalieni jambo moja zaidi. Malipo ya kwanza yakija, kila juma mtalipwa trei 20 na kupeleka nyingine 20. Ile milioni moja na laki sita haipungui. Inabaki dukani mpaka siku mtakapoacha kupeleka. Kwa maneno mengine, mnamkopesha mwenye duka mtaji, bila riba na bila dhamana. Ile nyongeza ya bei anayowapa ndiyo faida yenu kwa mkopo huo, basi mwiulize kama inatosha.

Ushauri wangu ni huu, dada zangu. Msikatae duka, maana mteja wa trei 20 si wa kudharauliwa. Ombeni siku 14, hata kama bei itashuka shilingi mia mbili au tatu kwa trei. Akikataa kabisa, mpelekeeni trei tano tu kwa masharti yake, nyingine 15 ziendelee kwa wateja wa trei moja moja, ambao ni usumbufu kweli lakini wanalipa hapohapo. Deni mnaloweza kulipoteza bila kuuza kuku, hilo ndilo la kumwachia mtu.

Ndugu wa tumbo moja

Nimeliacha duka moja kwa makusudi, kwa sababu habari yake inaingia ndani ya nyumba zetu zaidi ya hayo mengine. Ni Tuskys.

Mzee Joram Kamau alianza na duka dogo huko Rongai, karibu na Nakuru. Alipofariki mwaka 2002 aliwaachia watoto wake saba biashara iliyokuwa inakua, na wao wakaikuza zaidi, hata ikawa miongoni mwa supamaketi kubwa kabisa za Kenya. Lakini mwaka 2012 ndugu walikuwa mahakamani, wengine wakiwatuhumu wenzao kuhamisha fedha za kampuni. Mwaka 2017, Nakumatt lilipokuwa linazama, Tuskys ndilo lililotaka kuungana nalo ili kuliokoa, na mpango ule haukufika mwisho. Miaka mitatu tu baadaye ni Tuskys lenyewe lililokuwa halilipi waliolipelekea bidhaa. Korona ikaongeza uzito, wenye majengo wakafunga milango kwa kodi, na hadi mwisho wa mwaka 2021 karibu matawi yote yalikuwa yamefungwa.

Sisemi ugomvi peke yake ndio uliolifunga. Naivas nalo lilijengwa na familia, nalo lilikuwa na kesi ya urithi mahakamani, na bado liko wazi. Lakini watu wanaosikilizana huweza kukaa pamoja usiku mmoja na kuamua tawi gani lifungwe. Wanaozungumza kupitia mawakili hawawezi, na duka halisubiri hukumu.

Hapa kwetu Ukuryani ni familia ngapi zenye duka, mashine ya kusaga au pikipiki mbili tatu za kukodisha, na baba ana nyumba ya kwanza na ya pili? Kijana mkubwa anasimamia duka. Anachukua mchele wa nyumbani kwake bila kuuandika, kwa sababu "ni duka letu". Mdogo wake aliye Mwanza anadhani analimbikiziwa fedha. Wa nyumba ya pili wanaona wameachwa. Mama anayaona yote, na ananyamaza ili kulinda amani. Amani hiyo ni ya mpaka siku ya matanga tu.

Mzungumzishe mumeo angali mzima na mko vizuri, si siku ya kuugua. Hilo si kumtakia kifo. Maswali ni machache. Anayesimamia duka alipwe mshahara gani, ili kinachozidi kiwe cha duka? Faida ikigawanywa, inagawanywa kwa nani, binti wakiwamo? Watu gani wawili wataona daftari kila mwezi? Andikeni, watoto wakubwa wasikie pamoja, na wa nyumba zote. Najua mwanamume mwingine ataona unamchunguza. Chagua saa, chagua na maneno. Wewe ndiwe unayemjua.

Dalili za kutazama

Unaponunua au kupeleka bidhaa, macho yako ni mhasibu mzuri. Rafu iliyokuwa na aina sita za sabuni sasa ina aina moja, imepangwa mstari mrefu ili ionekane imejaa. Jokofu zimezimwa. Nyuso za wafanyakazi hubadilika kila mwezi, au waliopo wananong'ona juu ya mshahara. Aliyekuwa akikulipa kwa tarehe sasa anakulipa nusu, kisha anakuomba uongeze mzigo ndipo akulipe deni la nyuma. Ukiombwa hivyo, simama hapohapo. Usimwongezee hata trei moja. Na kama una vocha ya duka au pointi kwenye kadi yake, kanunue sukari leo, kwa maana kadi ya duka lililofungwa haina wa kuipokea.

Kila mzigo uwe na daftari lenye nakala, tarehe, idadi ya trei, bei, na siku ya kulipwa, kisha jina na sahihi ya aliyepokea pamoja na muhuri wa duka. Nakala moja ikae kwa mweka hazina wa kikundi. Msikubali kuambiwa "tunafahamiana". Akigoma kusaini, mayai yarudi nyumbani. Kwa baridi yetu hii ya Tarime, yai ambalo halijaoshwa, likiwekwa penye kivuli na hewa, ncha yake nyembamba ikitazama chini, litakaa majuma mawili bila tatizo, na ndani ya siku hizo atapatikana mnunuzi mwingine.